Majimaji kwa Maneno 60

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, kipindi cha ufupisho katika shule yetu mjini Songea kilikuwa saa sita mchana, na mwezi Februari mvua ilipiga bati mpaka mwalimu akalazimika kupaza sauti. Wengi wetu tulitoka Lizaboni, Bombambili na Mfaranyaki. Wachache walikuwa wa vijiji vya upande wa Peramiho, wamepanga vyumba mjini. Walikuwamo akina Gama, akina Mbano na akina Komba.

Mwalimu wetu wa Kiswahili alijaza ubao mzima habari ya vita vya Majimaji: kodi ya Wajerumani, watu kulimishwa pamba kwa viboko, Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe na maji yake mwaka 1905, Wangoni kuingia vitani, kisha tarehe 27 Februari 1906, siku mashujaa zaidi ya 60 waliponyongwa hapa hapa Songea. Nduna Songea Mbano, mmoja wa viongozi wa Wangoni, alinyongwa siku chache baadaye. Mwisho, mashamba na maghala kuchomwa moto, na njaa iliyoua watu wengi kuliko risasi.

"Fupisheni kwa maneno yasiyozidi 60," akasema.

Utaratibu tuliujua. Soma mara mbili, tafuta wazo kuu la kila aya, acha mifano na marudio, unganisha kwa maneno yako, usiongeze maoni yako, kisha hesabu maneno na uandike idadi kwenye mabano. Karibu darasa zima lilitoa kitu kimoja: watu waliamini maji yatazuia risasi, wakapigana, wakashindwa, wakanyongwa.

Mwalimu alipitia madaftari, akauliza, "Walipigania nini?"

Kimya. Jibu lilikuwa kwenye sentensi zilizokatwa.

"Haya, wanangu," akaendelea. "Maji yanakumbukwa upesi kwa sababu ni ya ajabu. Lakini vita havikuanza kwa sababu ya maji. Mkiondoa kodi na pamba, babu zenu wanabaki watu waliokufa kwa ushirikina."

Tukaanza upya. Safari hii tulipiga mstari kwanza chini ya kila sababu na kila tokeo, ndipo tukagusa mengine. Maji yakapata sentensi moja tu. Majina ya walionyongwa hayakuweza kuingia yote, lakini idadi na tarehe vilibaki, kwa kuwa bila hivyo msomaji asingejua ukubwa wa jambo. Zoezi lilivuka kengele na hakuna aliyeinuka.

Majina yenyewe yako Mahenge, hapa hapa mjini Songea, kwenye Makumbusho ya Majimaji yaliyofunguliwa mwaka 1980, penye kaburi la pamoja la mashujaa na kaburi la Nduna Songea peke yake. Mwaka 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alisimama hapo akaomba msamaha. Msamaha huo hauna maana kwa mtu aliyefundishwa kwamba vita vile vilikuwa kisa cha maji tu, na mpaka leo nakutana na watu wazima waliofundishwa hivyo.

Ewe mwalimu unayefundisha ufupisho, wape wanafunzi wako habari ya mahali wanapoishi, na uwaulize sababu kabla hawajaanza kuhesabu maneno.