Chunusi za Watu Wazima

Mimi ni karani wa parokia hapa Songea, nina umri wa miaka 34, na chunusi ninazo bado. Wengine husema ni alama ya ujana. Wengine hunong'ona kwamba mwenye chunusi anahitaji kuoa. Nina mke na watoto watatu, basi dawa hiyo imeshindwa kazi.

Yafaa tujue kwamba chunusi si uchafu, wala si adhabu ya mwenendo mbaya. Kila tundu la kinyweleo hutoa mafuta kidogo ya kulainisha ngozi. Mafuta yakizidi, huchanganyika na ngozi iliyokufa, tundu likaziba, vijidudu vikaongezeka ndani, pakavimba. Vichocheo vya mwili ndivyo vizidishavyo mafuta hayo; ndiyo maana akina mama wengi huziona kidevuni na kwenye taya karibu na siku zao za mwezi, hata wakiwa na miaka 30 au 40.

Kwa hiyo kusugua uso kwa dodoki na sabuni ya kufulia hakufai kitu. Osha mara mbili kwa siku kwa sabuni laini, ukaushe taratibu. Limau na dawa ya meno huunguza tu. Mafuta mazito ya nywele yakitiririka kipajini huziba matundu. Wala usikamue! Kwa ngozi yetu nyeusi, chunusi iliyokamuliwa huacha doa linaloweza kukaa miezi mingi, na doa hilo ndilo linalowapeleka watu gulioni kununua mkorogo.

Mwaka jana dada mmoja alikuja ofisini kuandikisha matangazo ya ndoa. Alipoona uso wangu alithubutu kuuliza. Akafungua kipande cha gazeti, ndani mna kibomba cha dawa ya kupaka. Shoga yake alimwapia kwamba husafisha uso kwa siku saba. Na kweli husafisha. Hapo ndipo penye hila. Juu yake paliandikwa klobetasoli. Hiyo ni dawa halali ya magonjwa mengine ya ngozi, mikononi mwa mganga. Usoni hutuliza wekundu upesi, lakini ikipakwa wiki kwa wiki hufanya ngozi kuwa nyembamba na yenyewe huleta chunusi. Ukiiacha, zinarudi kwa hasira, nawe unarudi kwenye kibomba. Mkorogo wenye zebaki huweza kuharibu hata figo, na Serikali ilikwisha kuupiga marufuku.

"Na ile ya hospitali, karani, huchukua muda gani?"

Nikamwambia wiki 8 hata 12.

"Arusi yangu ni wiki tano."

Sikuwa na jibu la kumfurahisha. Alikunja gazeti lake akaondoka. Baadaye alikwenda zahanati, akaolewa na chunusi zake, na bwana arusi hakukimbia. Miezi miwili baada ya arusi uso ulianza kutulia.

Dawa anayoanza nayo mganga mara nyingi ni benzoili peroksaidi. Hupakwa nyembamba mahali pote zinapotoka, si juu ya kipele tu. Mwanzoni hukausha ngozi na kuchoma kidogo. Ikizidi, paka siku moja na kuacha moja. Jihadharini na mashuka ya rangi, maana huyapausha. Wengi huiacha wiki ya tatu wakisema haifai, nami nawaelewa, ila wameacha mapema.

Kama uvimbe ni mkubwa, wenye maumivu na kuacha makovu, usingoje. Ulizeni hospitali ya wilaya kama yuko mtaalamu wa ngozi. Huko Moshi, penye Hospitali ya KCMC, kiko chuo kinachowafundisha tangu mwaka 1992. Mwanamke ambaye siku zake zinaruka-ruka na ndevu zinamwota amweleze mganga hayo yote pamoja, kwani huenda chanzo ni kimoja. Na mwenye mimba aseme kabla hajapewa dawa yo yote, maana baadhi ya dawa za chunusi humdhuru mtoto tumboni.