Elfu Nne na Mia Tano Zangu

Tarehe 28 Juni 2023, saa kumi jioni, nilikuwa kwenye foleni ya saiba moja nje ya geti, mbele yangu watu kumi na wanane. Niliwahesabu kwa sababu bando zilikuwa zimeisha na hakukuwa na kingine cha kufanya. Komredi yeyote aliyemaliza hata mwaka mmoja chuoni anaijua foleni hiyo. Inaanza kuota wiki ya mwisho ya Juni, na kufikia tarehe 30 inazunguka hadi kwa mama wa chapati.

Kwa freshaz ambao bado hawajaonja: ile PIN ya KRA uliyoifungua haraka haraka ukiomba mkopo wa HELB haikuja peke yake. Ilikuja na wajibu. Kila mwaka, kabla ya Juni 30 kuisha, unatakiwa uwasilishe ritani ya mwaka uliopita, uwe ulipata pesa au hukupata hata ndururu. Usipofanya hivyo, faini ya mtu binafsi ni Sh2,000 au asilimia 5 ya ushuru unaodaiwa, ile iliyo kubwa. Kwa hiyo tunapanga foleni, tunampa jamaa wa saiba mia mbili, anabonyeza bonyeza, anasema "imeingia", tunaenda zetu. Mimi nilikuwa nimefanya hivyo mwaka uliotangulia na roho ikatulia kabisa.

Nilipokaribia meza, jamaa akauliza bila kuinua macho, "Nil, sindio?" Nikasema ndiyo. Dada mmoja wa BCom, mwaka wa nne, alikuwa nyuma yangu. Akanigusa bega.

"Samahani bro, si wewe ndiye ulikuwa ukituambia habari za Ganze? Si ulikuwa unalipwa?"

Nilikuwa nalipwa kweli. Katika likizo ndefu ya 2022 nilifanya kazi ya miezi mitatu kwenye mradi wa utafiti kwetu Kilifi, nikizunguka Ganze na Bamba na tableti, nikiuliza wakulima magunia mangapi ya mahindi walivuna na mangapi yalikauka shambani. Mkataba ulisema Sh30,000 kwa mwezi. Kila mwezi niliona 28,500. Nilimwambia mama hao watu wanakula elfu moja mia tano yangu, naye akaniambia ninyamaze nisije nikafukuzwa kazi. Nikanyamaza.

"Hawakukula," akasema yule dada. "Huo ni ushuru wa zuio. Wanakata asilimia 5, wanaipeleka KRA kwa PIN yako. Ukijaza nil unaapa hukupata kitu, halafu hizo pesa unaziaga. Pia unadanganya."

Miezi mitatu mara 1,500 ni 4,500. Nilitoka kwenye foleni.

Sasa, wazo la kujifanyia mwenyewe halikunijia mara moja. Nilimpigia mjomba, kwa sababu kwetu jambo lolote lenye karatasi hupelekwa kwa mjomba. Akanipa namba ya mhasibu anayemfahamu. Mhasibu alikuwa mtu wa heshima, alinisikiliza vizuri, akanieleza kwamba ritani yenye mapato ya biashara si sawa na ya nil, ina kazi, na pia kuna maombi ya marejesho. Bei yake, na hapo amenipunguzia kwa ajili ya mjomba, ni Sh5,000. Nilimshukuru. Sikuwa na haja ya kuwa wa BCom kuiona hesabu hiyo: nilipe elfu tano ili nidai elfu nne na mia tano.

Usiku huo nikakaa na simu kujaribu kuingia iTax. PIN yangu ninayo kwenye cheti. Nenosiri sinalo, sijawahi kuwa nalo. Nikabonyeza nimesahau nenosiri, mfumo ukaniambia kwa upole kwamba umetuma lingine kwenye barua pepe yangu. Nilisubiri dakika kumi. Ndipo nikaangalia vizuri herufi chache za barua pepe ambazo mfumo ulikuwa unazionyesha, na hazikuwa zangu.

Zilikuwa za saiba. Siku alipotufungulia PIN, yule jamaa alikuwa ametuwekea sisi sote anwani ya duka lake. Ina maana kila cheti cha ule ushuru wa zuio kilichotumwa kwangu mwaka mzima kilikuwa kikitua kwake, katikati ya mia za watu wengine, na hakuna aliyekifungua. Nilikuwa nikimlaumu mratibu wa mradi, mama wa watu, na kumbe karatasi zangu zilikuwa mita mia mbili kutoka hosteli.

Asubuhi ya tarehe 29 nilikuwa Huduma Centre kabla milango haijafunguliwa, na kitambulisho mkononi. Barua pepe ikabadilishwa. Kufikia saa saba mchana nilikuwa ndani ya akaunti yangu mwenyewe kwa mara ya kwanza tangu nipewe PIN. Kabla ya kuingia mfumo hukupa hesabu ndogo uijibu, kitu kama 47 jumlisha 12, kuthibitisha kwamba wewe ni binadamu. Niliikosa mara ya kwanza. Mikono ilikuwa inatetemeka.

Kitu cha kwanza nilichokiona kwenye leja si 4,500 zangu. Ni faini ya Sh2,000. Ritani ya mwaka 2021, ile niliyolipia mia mbili Juni 2022 na roho ikatulia, haikuwahi kuwasilishwa. Nilirudi kwa jamaa nikamwonyesha. Akatazama skrini, akakuna kidevu, akasema, "Siku hiyo lazima mtandao ulikuwa chini, kijana wangu." Nikamuuliza risiti. Akaniuliza kama mimi nilimwomba risiti. Sikuwa nimeomba. Hapo tukaachana, kwa sababu nilikuwa na saa thelathini na kitu zimebaki na yeye alikuwa na foleni.

Ile ya 2021 niliijaza mwenyewe kwa simu, nimekaa kwenye ngazi za maktaba. Unachagua ritani ya nil, unaandika tarehe ya kuanzia, 01/01/2021, ya mwisho inajijaza, unawasilisha. Dakika tatu, manze. Tunapanga foleni ya saa mbili kwa jambo la dakika tatu.

Ya 2022 ndiyo iliyonikalisha. Ukiwa na mapato ambayo si ya mshahara, unapakua fomu ya Excel yenye kurasa chini kama meno ya msumeno, unaijaza nje ya mtandao, kisha unaipandisha. Kwenye simu haifanyi kazi. Ina makro ndani yake, na usipoziruhusu inakukodolea macho tu. Rumi wangu ana laptopu yenye Excel. Aliniazima kwa sharti kwamba nimwoshee vyombo hadi mtihani uishe, na aliyatekeleza masharti hayo bila huruma.

Ukurasa wa kwanza ni wa maswali ya ndiyo na hapana. Una mkopo wa nyumba? Hapana. Una bima? Hapana. Unataka kutangaza mapato ya mke? Sina mke, sina hata wa kumtumia kredo. Nikaja kugundua kwamba kila hapana ni baraka, maana inakufungia kurasa nzima nzima usizozihitaji. Hofu yangu ya zile kurasa zote ilikuwa hofu ya milango ambayo haikuwa yangu. Hili nalisema kwa sababu wengi tunaifungua hiyo fomu, tunaona kurasa, tunaifunga.

Kwenye hesabu ya faida na hasara nikaandika mapato 90,000. Matumizi je? Bodaboda wa Bamba hatoi risiti, lakini M-Pesa haisahau. Nilikaa saa moja na nusu nikipekua jumbe za mwaka mzima uliopita, nauli hapa 150, bando pale 100, mpaka nikapata 8,600. Faida 81,400. Nikajisikia mhasibu kamili. Nilipompigia yule dada wa BCom kumsomea, akacheka. Kiasi cha kwanza cha mapato, hadi 288,000 kwa mwaka, hutozwa asilimia 10. Halafu kila mkazi ana nafuu ya binafsi ya Sh2,400 kwa mwezi, yaani 28,800 kwa mwaka. Asilimia 10 ya 81,400 ni 8,140. Asilimia 10 ya 90,000 ni 9,000. Zote mbili zinamezwa na ile nafuu. Ushuru wangu ulikuwa sufuri kabla sijaanza kupekua.

Hapo nilimkumbuka yule mhasibu wa mjomba bila kinyongo. Yeye angeniambia hilo kwa sekunde tano. Programu haikuambii, inakupa kisanduku na inasubiri. Ukiingiza upuuzi uliopangwa vizuri inaupokea. Ndiyo maana mtu mwenye duka, wafanyakazi na gari la mkopo simshauri kamwe aige hili langu. Lakini mimi nilikuwa na mwajiri mmoja, miezi mitatu na vyeti vitatu.

Kisha ikaja mizania. Fomu inataka kujua, tarehe 31 Desemba 2022 ulikuwa na nini. Nilikuwa na simu ya 14,000 niliyonunua kwa ajili ya kazi, na Sh3,140 kwenye M-Pesa. Jumla 17,140. Pande mbili zikakataa kulingana. Dada wa BCom akasema, "Umesahau 4,500. Serikali ina deni lako, hiyo ni mali." Nikaiandika. 21,640. Kwa hiyo zilizobaki, 59,760, ni pesa nilizojitolea mwenyewe kwenye biashara.

Nilikaa nikiitazama hiyo 59,760. Fomu haiulizi zilienda wapi, inaziita tu zilizotolewa na mwenyewe, kana kwamba nilikuwa nikitoka jioni kuzinywa. Zipo zilizokuwa zangu, sikatai. Lakini elfu ishirini na tano zilikuwa mabati ya jiko la mama, ambalo mvua ya mwaka ule ililifanya shimo. Zingine zilimnunulia mdogo wangu godoro, sanduku na viatu vya kwenda sekondari. Hakuna kisanduku cha godoro. Nikaandika 59,760, pande zikalingana, nikaendelea.

Ukimaliza kuna kitufe cha kuhakiki. Mara ya kwanza kilinirushia makosa saba. Moja lilikuwa tarehe niliyoiandika kwa mtindo wangu. Lingine lilinisumbua nusu saa: PIN ya waliokuwa wakinilipa. PIN ni herufi, tarakimu tisa, kisha herufi, na mimi kwenye tarakimu nilikuwa nimeweka O ya Omari badala ya sufuri. Saa tano na dakika arobaini usiku makosa yakaisha. Kwenye ukurasa wa hesabu ya mwisho, chini kabisa, ikatokea namba yenye alama ya kutoa mbele yake: 4,500. Nilimwamsha rumi kumwonyesha. Alisema "hongera" na kurudi kulala.

Wi-fi ya hosteli ilikubali kupandisha faili saa nane na nusu usiku. Risiti ikaja kwenye barua pepe, yangu. Niliichapisha kesho yake kwa shilingi kumi, kwa saiba nyingine.

Sitawadanganya kwamba pesa ziliingia asubuhi. Marejesho ni ombi jingine, unalijaza ndani ya iTax na akaunti ya benki yenye jina lako, na lazima lipitiwe na mtu. Ninapoandika haya bado linakaguliwa. Mara moja nimeombwa vyeti vya zuio, nikavituma siku hiyo hiyo kwa sababu sasa najua vilipo. Ile faini ya 2,000 nililipa Julai kwa M-Pesa, nikijisikia raia mwema, na miezi miwili baadaye, tarehe 1 Septemba, ukaanza msamaha wa Sheria ya Fedha ya 2023 wa faini na riba za vipindi vya hadi Desemba 2022. Ningengoja tu. Mama aliposikia alicheka mpaka akakaa chini ya mabati yake.

Tarehe 30 Juni, jioni, kuna mtu alibisha mlango. Rumi alikuwa ametangaza kwenye grupu la WhatsApp la hosteli kwamba kuna mtu anafaili bure. Walikuwa sita, na wa kwanza alikuwa freshaz wa Elimu aliyeshika cheti cha PIN kama mtu aliyeshika matokeo ya hospitali. Nilimpisha kiti akae yeye mbele ya laptopu. Akaniuliza kwani sitamjazia. Nikamwambia aniambie kwanza barua pepe iliyo pale ni ya nani.

Akasoma herufi zilizoonekana, polepole. Halafu akanitazama.