Mgonjwa Amerudi Nyumbani, Lakini Je, Analala?

Mgonjwa wa saratani anapotoka hospitalini baada ya upasuaji mkubwa, majirani huuliza kwanza iwapo anakula, kisha huuliza bili ilikuwa pesa ngapi. Ni nadra mtu kuuliza iwapo analala. Hata karatasi tulizopewa mwaka 2023, mama mzazi alipotoka wodini kuja kukaa nasi mtaani Umoja, zilitaja tembe, kidonda na tarehe ya kliniki, basi. Kuhusu usiku hazikusema neno.

Mama alikuwa amefanyiwa upasuaji wa saratani ya umio, ule mfereji unaoteremsha chakula kutoka kooni hadi tumboni. Si ugonjwa mgeni kwetu. Ni mojawapo ya saratani zinazowaua Wakenya wengi zaidi, na hospitali ya Tenwek kule Bomet imejulikana kwa miaka mingi kwa kuwashughulikia wanaougua. Katika upasuaji huo daktari hukata sehemu iliyoharibika, kisha huvuta tumbo la chakula hadi kifuani na kuliunganisha na kipande cha umio kilichosalia. Kinachopotea ni ule mlango wa misuli unaozuia chakula na asidi kurudi juu. Ukimlaza mtu wa aina hiyo chali kitandani, ni sawa na kulaza mtungi usio na kizibo.

Ndivyo ilivyokuwa. Kila mara mwendo wa saa nane usiku tungesikia kikohozi, kisha Mama ameketi, mkono kifuani, anaogopa kulala tena. Majimaji hayo yakiingia kwenye mapafu yanaweza kuleta nimonia, kwa hivyo hofu yake haikuwa ya bure. Wiki ya kwanza alilala kwenye sofa akiwa ameketi, na asubuhi shingo ikamuuma kuliko kidonda.

Mke wangu alimrundikia mito mitatu. Haikusaidia sana, kwa kuwa mito hukunja mtu kiunoni na kulibana tumbo, na ifikapo usiku wa manane imeshaanguka sakafuni. Tulipomwuliza muuguzi wa kliniki, alituambia tuinue kitanda chenyewe upande wa kichwani. Seremala mmoja wa hapa mtaani alitukatia vipande viwili vya mbao ngumu, urefu wa inchi nane, akachonga shimo katikati ya kila kimoja ili mguu wa kitanda usiteleze. Leso iliyokunjwa chini ya magoti ilimzuia Mama kuteremka kama mtoto kwenye bembea. Kwa vitanda vyetu vya mbao na chuma, hiyo ni kazi ya dakika kumi.

Chakula kilikuwa na vita vyake. Mtu wa tumbo lililohamishwa hula kidogo kidogo, mara sita kwa siku, na mlo wa mwisho uwe saa tatu hivi kabla ya kulala. Sasa mwambie hayo mgeni aliyetoka Dandora na chupa ya chai ya maziwa yenye sukari tele, akafika saa mbili unusu usiku! Sukari nyingi kwa mkupuo humfanya mgonjwa kama huyo atokwe na jasho na moyo umwende mbio. Tulipanga wageni waje alasiri. Shangazi mmoja alinuna, na hadi leo sijui kama amenuna kwa kweli au kwa mazoea.

Kisha kuna kelele. Kanuni za kudhibiti kelele za mwaka 2009 zinasema kwamba katika mitaa ya makazi sauti isizidi desibeli 35 kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi. Kiwango hicho ni cha chini mno, si mbali na mnong'ono. Anayeishi Umoja, Kayole au Kariobangi atacheka akisikia hivyo. Chini ya dirisha letu kuna baa, ng'ambo kuna kanisa la mabati lenye kesha kila Ijumaa, na saa kumi na moja alfajiri makanga wameanza kuita abiria. Tulimhamishia Mama chumba cha nyuma alimokuwa akilala kijana wetu, naye kijana akahamia sebuleni na vitabu vyake vya Kidato cha Tatu. Hakulalamika, ingawa alitaka taa ya pekee ya kusomea, na akaipata.

Hata baada ya hayo yote, Mama alikuwa akikodoa macho gizani. Mchana alisinzia, usiku akahesabu mabati. Jirani alipendekeza tembe za usingizi za duka la dawa. Nilikataa, kwani tayari alikuwa akimeza dawa kali za maumivu, na kuchanganya hizo mbili bila daktari kunaweza kudhoofisha pumzi. Madaktari wa Marekani, kupitia chuo chao, walipendekeza mwaka 2016 kwamba anayekosa usingizi kwa muda mrefu aanze kwa kurekebisha mazoea na mawazo kabla ya kutumia dawa. Mama akawa anaamka saa kumi na mbili unusu kila siku, apende asipende, anaota jua kwenye roshani, anatembea hadi kwa mama mboga. Usingizi wa mchana ukawa nusu saa tu, kabla ya saa tisa. Akikosa usingizi usiku, haruhusiwi kugaagaa kitandani. Anakwenda kuketi hadi macho yawe mazito.

Huko sebuleni ndiko nilikomkuta usiku mmoja, akaniambia kwa sauti ya chini, "Mwanangu, nikifumba macho nahisi sitaamka." Haikuwa asidi tena. Tulimtafutia mshauri. Kwa wasioweza kulipia, Nairobi Hospice iliyo karibu na Hospitali ya Kenyatta imewasaidia wagonjwa na jamaa zao tangu 1990 kuhusu maumivu na mawazo, wala haimpokei tu aliye karibu kufa kama watu wanavyodhani.

Baada ya miezi minne Mama alikuwa akilala saa tano au sita mfululizo. Akataka kurudi kwake mashambani. Siku ya safari mzigo wake ulikuwa mzito ajabu, na kondakta wa basi akauliza kama amebeba mawe. Zilikuwa zile mbao mbili.