Waya wa Jirani

Katika miji yetu ni nadra kuiona shughuli isiyo na turubai, na ni nadra zaidi kuliona turubai linalokesha bila umeme wa kuazima. Ukifikiwa na arusi, hitima au msiba, jambo la kwanza ni kutafuta turubai na viti, la pili ni masufuria, na la tatu ni kumpigia hodi jirani ili akuruhusu kuchomeka waya katika soketi yake. Jirani hukubali bila kuuliza maswali. Waya hupitishwa dirishani, huvuka uchochoro, hupanda juu ya ua na kushuka mpaka chini ya turubai, na baada ya muda mfupi taa zinawaka na chai inachemka. Ni ada njema, nami sikusudii kuilaumu. Nataka tu kukueleza, ndugu msomaji, jinsi ada hiyo ilivyokaribia kutuletea msiba wa pili ndani ya msiba wa kwanza, na kwamba kosa lilikuwa langu mwenyewe.

Baba yangu alifariki dunia mwezi Agosti mwaka 2022, nyumbani kwetu Tandika, Dar es Salaam. Nyumba yetu ni ya zamani. Nyaya zake zilitandazwa wakati ambapo familia ilihitaji taa chache, redio na pasi. Siku ya kwanza ya matanga tulikuwa tumekwisha kuchomeka friza la kuazima, taa za uani na kipaza sauti cha kisomo. Ilipotimia saa moja ya jioni likaletwa birika kubwa la umeme la kuchemshia chai ya wakeshaji, la wati 2,000. Tulipolichomeka tu, swichi kuu ikajikata na nyumba nzima ikaingia giza.

Jirani yetu wa ukuta kwa ukuta ni bibi mmoja mjane ambaye amenijua tangu nabebwa mgongoni. Kabla sijafungua kinywa, alisema, "Vuta waya, mwanangu. LUKU nimejaza jana." Nilipotaja habari ya kumlipa, alinitazama kwa namna iliyonifanya nione haya, nikanyamaza.

Mimi ndiye niliyepewa kazi ya kutafuta waya wa kuongezea, ule ambao wauza duka na mafundi huuita ekstensheni. Stoo mlikuwa na waya wa marehemu baba, mnene na mzito, lakini urefu wake ulikuwa mita kumi tu, nao haukufika uani. Nikaenda dukani, nikanunua waya wa mita 50 uliozungushwa katika kigurudumu chake cha plastiki. Niliuchagua kwa sababu mbili: ulikuwa mrefu, na bei yake ilikuwa nafuu. Unene wake sikuutazama. Kutoka soketi ya bibi mpaka penye birika hapakuzidi mita 20. Basi nikaufungua kwa kadiri hiyo, na mita 30 zilizosalia nikaziacha zimejizungusha. Kisha, kwa kuwa mama alinilea nipende unadhifu, na kwa kuwa wageni walikuwa wakipita gizani, nikakisukuma kile kigurudumu kando ya ukuta wa baraza na kukifunika kwa mkeka ili mtu asijikwae. Usiku ulipokuwa mwingi, watoto wakaja wakajilaza juu ya mkeka huo.

Yapata saa saba ya usiku nilikuwa nimeketi na shangazi zangu. Binti yangu, ambaye wakati huo alikuwa na umri wa miaka sita, akaja akanivuta khanga.

"Mama, mkeka una moto."

Nilidhani analalamikia joto la Dar es Salaam. Nikamwambia arudi akalale. Hakukaa sana akarudi tena.

"Mama, unanuka."

Hapo ndipo nilipoinuka. Harufu ya plastiki inayoungua ilinipokea kabla sijafika barazani. Tuliwainua watoto mmoja mmoja. Walikuwa wanne, na mmoja alikuwa bado ananyonya. Nilipoufunua mkeka, niliona doa jeusi la mviringo kama sahani, na chini yake mizunguko ya waya ilikuwa imeyeyuka na kushikana ikawa donge moja lenye kufuka moshi mwembamba. Kaka yangu mkubwa alipaza sauti kwamba mtu yeyote asiuguse, akakimbia kwa bibi, akazima swichi ya soketi na kuchomoa plagi. Hakuna aliyeungua. Nalieleza jambo hilo kwa sentensi moja, lakini mikono yangu haikuacha kutetemeka mpaka alfajiri.

Kilichonishangaza ni kwamba fyuzi ya plagi haikukatika, wala swichi kuu ya kwa bibi haikujikata. Nilikuwa nimeishi miaka thelathini na ushei nikiamini kwamba kama kuna hatari, vitu hivyo vitaiona kabla yangu. Asubuhi, watu walipokwisha kunywa uji, mjomba wangu, aliyefanya kazi ya ufundi umeme mpaka alipostaafu, alikipakata kile kigurudumu, akakata kipande cha waya na kuuchuna kwa kisu. Shaba iliyokuwa ndani ilikuwa nyembamba kuliko nilivyofikiri. Maganda yake ya plastiki ndiyo yaliyokuwa manene.

"Umembebesha mbuzi mzigo wa punda," alisema.

Akanifundisha hesabu ambayo si ngumu hata kidogo. Umeme wa majumbani mwetu ni wa volti 230. Ukizigawa wati za chombo kwa 230, unapata ampea zinazopita ndani ya waya. Birika la wati 2,000 huvuta karibu ampea 9. Waya wangu ulikuwa na shaba ya milimita za mraba 0.75, ambayo haifai kupitisha zaidi ya ampea 6. Shaba ya milimita za mraba 1 huhimili ampea 10, na ya 1.25 huhimili ampea 13. Tena vipimo hivyo ni vya waya ulionyooshwa, unaopigwa na hewa.

Na fyuzi je? Plagi zetu za miguu mitatu ya bapa zinafuata kanuni iliyotolewa Uingereza mwaka 1947, na kila plagi ina fyuzi yake ndani, aghalabu ya ampea 13. Kwa fyuzi hiyo, ampea 9 ni jambo la kawaida. Haijui kwamba mbele yake kuna waya mwembamba. Basi ilikaa kimya, nao waya ukaendelea kuungua.

Mwaka 1841 Mwingereza James Prescott Joule alichapisha matokeo ya majaribio yake yaliyoonyesha kuwa joto la waya haliongezeki sawasawa na umeme unaopita ndani yake. Umeme ukiongezeka mara mbili, joto huongezeka mara nne. Katika waya wangu wa mita 50, karibu wati 150 zilikuwa zikigeuka joto njiani kabla ya kufika kwenye birika. Birika lenyewe lilikuwa likipata volti 212 hivi badala ya 230, na wale wakeshaji walionong'ona kwamba chai inachelewa walikuwa na haki. Lau kama waya wote ungalinyooshwa, joto hilo lingalisambaa uani na kupotea. Lakini mita 30 zilikuwa zimekusanyika mahali pamoja, na zaidi ya wati 80 za joto zilifungiwa ndani ya kigurudumu. Ni kama nilichukua ile taa ya zamani ya kioo, yenye kuunguza vidole, nikaiwasha, nikaifunika kwa mkeka, kisha nikamlaza mwanangu juu yake.

Vigurudumu vilivyotengenezwa vizuri huandikwa vipimo viwili: kimoja cha waya uliofunguliwa wote, na kingine, kidogo zaidi, cha waya uliozungushwa. Changu hakikuwa na maandishi yoyote.

Mjomba alikuwa na jambo jingine la kunionyesha. Ndani ya waya mlikuwa na nyuzi mbili tu, ya kahawia na ya buluu. Ule wa tatu, wa kijani na njano, unaoupeleka ardhini umeme unaovuja, haukuwamo, ijapokuwa plagi ilikuwa na miguu yake yote mitatu. Birika lilikuwa la bati, na vijana waliogawa chai walikuwa wakikanyaga maji kwa miguu mitupu. Nilimsikiliza, nikakumbuka nyuso zao mmoja mmoja.

Nilikwenda kwa bibi kuomba radhi. Soketi yake ilikuwa imepiga weusi pembeni, na ukuta ulikuwa na alama ya moshi. Nilianza kueleza habari ya ampea na milimita, naye akanikatiza.

"Soketi inanunuliwa, mwanangu. Mtoto hanunuliwi."

Mjomba alimfungia soketi mpya siku hiyo hiyo, nami nikamjazia uniti katika mita yake, kwani birika la wati 2,000 likifanya kazi kwa saa moja hula uniti mbili, na usiku ule lilikuwa limechemka kwa saa nyingi. Alizipokea baada ya kugomba kidogo.

Tangu hapo nimekuwa na kanuni chache ambazo nazifuata pasipo kuona haya. Ekstensheni huifungua yote hadi mwisho, hata kama waya unaobaki utanichukiza macho. Siipitishi chini ya mkeka, zulia wala godoro. Sichomeki ekstensheni moja katika nyingine. Kitu chenye kuchemsha au kupasha moto hukipa soketi yake pekee ukutani, na kama ni lazima kiende nje, hutafuta waya mnene wenye nyuzi tatu. Maungio ya waya huyainua juu ya ardhi, mahali pasipofikiwa na mvua. Fyuzi ikikatika natia fyuzi, wala si msumari au kipande cha waya. Na kila baada ya muda nagusa maganda ya waya na plagi yake kwa mgongo wa kidole. Nikisikia joto, nazima kwanza na kuuliza baadaye.

Lakini kanuni iliyo ngumu kuliko zote inahusu ulimi. Siku hizi nimepanga Mbagala, na majirani zangu nao wana shughuli zao. Juzi kijana wa nyumba ya pili alikuja kuomba umeme kwa ajili ya arobaini ya bibi yake. Moyo wangu ulinisukuma nimjibu kama nilivyojibiwa mimi, "Vuta waya, mwanangu," nisiulize zaidi. Katika desturi zetu, kumhoji mwenye shida huonekana kama uchoyo. Hata hivyo niliuliza: "Mtachomeka nini? Na waya wenu ni wa unene gani?" Nilimwona akisita, akidhani nahesabu uniti zangu. Nikamwomba aulete waya wenyewe. Ulikuwa mwembamba, umezungushwa vizuri, nadhifu kama wangu wa siku ile.

Nikampa wa kwangu, tukaunyoosha wote pamoja kutoka dirishani mpaka uani kwao. Alipokuwa akiondoka nilimwambia kwamba watoto wasilale karibu nao. Alicheka kidogo, kisha akaniangalia usoni, akaacha kucheka.