Diwani wa Kariakoo ni wa nani?

Testi zimeisha, boom nalo limeisha, kwa hiyo leo niko rumu naandika.

Mwezi ujao naenda BTP na nimepangiwa kufundisha Uraia. Kitabuni mambo ni safi kabisa: diwani anachaguliwa na kata kila miaka 5, anaongoza Kamati ya Maendeleo ya Kata, mtendaji wa kata anakuwa katibu, kero zinapanda kutoka mtaa hadi halmashauri. Basi. Ila mimi Jumamosi nashinda Kariakoo dukani kwa mjomba, na ya huko hayamo kitabuni.

Kwanza, udiwani unajengwa misibani. Nyumba nyingi za Kiswahili zimevunjwa, yamesimama maghorofa, wenyeji wamehamia Mbagala, Gongo la Mboto na kwingineko. Lakini akifa mzee wa mtaa watu wanarudi, turubai linafungwa, na anayeutaka udiwani lazima aonekane kakaa mkekani na wenzie. Shangazi anasema yeye hahesabu ahadi, anahesabu nani alikuja kumpa pole. Wasomi tunacheka, lakini mama wa watu ana kipimo chake!

Pili, na hapa ndipo panaponiumiza kichwa: mchana Kariakoo inafurika wafanyabiashara, machinga na wapagazi, ila kura zao ziko wanakolala. Mjomba leseni anakata Ilala (ambayo tangu Februari 2021 ndiyo Jiji la Dar es Salaam), kura anapiga Mbagala. Mfereji mbele ya duka ukaziba, akaenda ofisi moja kulalamika, swali la kwanza: "Wewe mkazi wa hapa?" Akarudi kimya.

Soko liliungua Julai 2021. Mei 2023 wafanyabiashara wakafunga maduka kwa ajili ya kodi, aliyekuja kuwasikiliza Mnazi Mmoja ni Waziri Mkuu Majaliwa. Sawa, kodi ya TRA si kazi ya diwani. Lakini mfereji? Taka? Hiyo ni kazi ya halmashauri kabisa.

Kwa maoni yangu, diwani wa kata kama ile awe na siku ya kukaa na wa mchana kama anavyokaa na wafiwa. Hawampi kura, ila ushuru wao ndio unaoendesha halmashauri.

Sasa walimu wenzangu, kidato cha pili wakiniuliza diwani ni wa anayelala pale au anayechuma pale, niwajibu nini? Nisaidieni kabla sijashika chaki.