Hesabu Mbili Kabla Ujaze KUCCPS

Matokeo ya KCSE yakitoka tu, DM zangu zinajaa swali moja: "Bro, nina B plain, naeza pata injinia?"

B plain haiwezi kujibu hilo swali. Gredi inakufungulia geti tu: ukiwa na C+ kwenda juu, unaruhusiwa kuomba digrii. Kinachoamua kozi ni klasta, yaani pointi zako juu ya 48, zinazotokana na masomo manne ambayo kozi inataka pamoja na jumla yako yote. Chukua watu wawili wa B plain. Mmoja amebebwa na Hesabu, Fizikia na Kemia, mwingine na Historia, CRE na Kiswahili. Gredi ni moja, lakini kwa injinia hawako foleni moja.

Na usidanganywe na vile gredi zimepanda. Kuanzia KCSE ya 2023, gredi inahesabiwa kwa Hesabu, lugha moja na masomo mengine matano uliyofanya vizuri zaidi. Waliopata C+ na zaidi walikuwa 173,345 kwa mtihani wa 2022, wakafika 201,133 mwaka wa 2023, halafu 246,391 mwaka wa 2024. Lakini klasta haikuhama ikafuata masomo yako mazuri. Udaktari bado unataka Bayolojia na Kemia. Kwa hivyo watu wameongezeka getini, na viti vya kozi zinazopiganiwa bado ni vichache.

Kitu kingine: zile pointi za mwaka jana unazoona kwa tovuti si sheria ya chuo. Ni pointi za mtu wa mwisho aliyeingia. Mwaka huu wakiomba wengi wenye nguvu, zinapanda. Ukizipita kwa nusu pointi, hiyo ni bahati nasibu. Weka hiyo kozi chaguo la kwanza kama unaipenda kweli, lakini hapo chini weka kozi unayozipita pointi zake kwa mbali, na ambayo uko tayari kuisoma. Usiwache jamaa wa saiba akujazie tu ndio mtu mwingine akae kwa kompyuta.

Hapo hesabu ya kwanza imeisha, na hapa Olympic wengi huishia hapo. Ya pili ni hii: ukiingia, utabaki?

Mimi niliitwa, nikaenda, na nikatoka mwaka wa pili. Pointi zilitosha. Karo na kodi ya nyumba ndizo hazikutosha. Barua ya kuitwa haisemi kitu kuhusu Januari ya mwaka wa pili, wakati mamako ameshauza kile kilichokuwa cha kuuza.

Tangu 2023 serikali inagawa malipo mara tatu: ufadhili, mkopo wa HELB, na sehemu ya familia. Sehemu ya familia inategemea hali ya kwenu na bei ya kozi. Kozi ghali inaweza kuwaachia deni kubwa hata kama nyumbani hakuna kitu. Ongeza na mahali. Ukisoma hapa Nairobi, unaweza kulala kwenu na kupanda matatu ya Kibera asubuhi. Ukienda Eldoret au Maseno, kuna nyumba ya kulipia, godoro, jiko na chakula, na mkopo unaweza kuchelewa.

Sikwambii uogope kozi kubwa. Iombe. Lakini kabla ulipe ile 1,500 ya kuomba, keti na mzazi ama yule anayekulipia, mchukue karatasi, muandike karo ya familia, kodi, chakula na nauli, kwa miaka yote minne ama sita. Kila namba iwe na jina la mtu atakayeilipa kando yake. Kama kuna namba haina jina, muongee juu yake sasa, wakati bado unaweza kubadilisha chaguo.