Ngozi ya meno iko ndani ya Biblia



Juu ya nini tunaogopa Kiingereza? Kifaransa tunakisoma tangu udogo, lakini Kiingereza tunakutana nacho darasani tu, na mtihani wa Leta haumhurumii mtu. Tena kiko na misemo ambayo kamusi haisaidii. Unatafuta neno moja moja, unayapata yote, lakini maana unaikosa.

Muhula huu mdogo wetu mmoja wa madarasa ya chini aliombwa kufasiri “by the skin of my teeth”. Akajibu: “Kwa ngozi ya meno yangu.” Darasa zima likacheka. Wakamwita Ngozi ya Meno mpaka kwenye bomba la maji, na tangu siku ile hanyoshi tena mkono. Mimi kapita nilimwita, tukafungua Ayubu 19:20. Ngozi ya meno iko pale pale, kwa Kiswahili! Basi meno yako na ngozi gani? Hakuna. Njo maana mtu aliyepona kwa ngozi ya meno amepona kidogo tu, ilibakia kidogo afe. Waliocheka ndio hawakusoma. Jina lile la utani liishe leo.

Na msemo huo hauko peke yake. Mwingereza akisema “tone ndani ya ndoo”, anataka kusema kitu kidogo sana kisichotosha: soma Isaya 40:15. Akisema “maandiko ukutani”, ni kwamba dalili za kuanguka zimekwisha kuonekana, sawa na kwa mfalme Belshaza, Danieli 5. Akisema chui habadili madoadoa yake, anasema tabia ya mtu ni ngumu kugeuka: Yeremia 13:23.

Ilikuwa namna gani? William Tyndale alichapisha Agano Jipya kwa Kiingereza mwaka 1526. Mwaka 1530 akatoa vitabu vya Musa, na humo akatunga neno “scapegoat” kwa yule mbuzi wa Walawi 16, aliyebebeshwa dhambi za watu wote. Leo ni mtu anayebebeshwa makosa ya wengine. Tyndale mwenyewe aliuawa mwaka 1536 huko Vilvoorde, karibu na Bruxelles. Lakini Biblia ya mwaka 1611 ilichukua mengi ya maneno yake. Watu waliisikia kanisani miaka na miaka, mpaka maneno yakatoka kanisani yakaingia sokoni.

Si misemo yote inatoka kwa Biblia. Mwingereza husema inanyesha paka na mbwa, Mfaransa husema inanyesha kamba, na wote wawili wanataka kusema mvua kubwa. Tusishangae sana. Sisi tunapiga picha na hakuna anayeumia, na kuna watu wanakula feza bila kutafuna. Mgeni akifasiri hayo neno kwa neno, naye atapotea.

Basi ndugu, usikamate neno moja moja. Soma sentensi nzima, uliza mwalimu, andika msemo na maana yake ndani ya kaye. Na mwenzako akijaribu, mwache ajaribu. Darasani tunacheka pamoja, lakini siku ya mtihani kila mtu atajibu peke yake.

Kapita wa wanafunzi, mwaka wa mwisho